Methanoli inavyogeuzwa kuwa malighafi ya plastiki

Ndoo, mabomba ya maji na magunia ya plastiki hutokana hasa na gesi mbili, ethilini na propilini, ambazo wanakemia huziita olefini. Kwa miaka mingi gesi hizo zilipatikana kwa kupasua kwa joto kali bidhaa za mafuta ghafi na gesi asilia, hivyo nchi zenye uhaba wa mafuta zilitegemea wauzaji wa nje.

China, iliyojaliwa makaa ya mawe mengi kuliko mafuta, ilitafuta njia nyingine. Mnamo Agosti 2010 mtambo wa Baotou, katika eneo la Mongolia ya Ndani, ulianza kazi ukiwa na uwezo wa kutoa tani 600,000 za olefini kwa mwaka. Teknolojia yake ilibuniwa na Taasisi ya Fizikia ya Kemia ya Dalian.

Kwanza makaa hugeuzwa kuwa gesi kwa oksijeni na mvuke, kisha gesi hiyo ikaundwa methanoli. Mvuke wa methanoli hupitishwa, kwenye joto la kati ya nyuzi 400 na 500 za Selsiasi, katika unga wa kichocheo kiitwacho SAPO-34. Fuwele za unga huo zina vijitundu visivyofikia nusu ya sehemu moja ya milioni ya milimita. Ndani yake methanoli hupoteza maji na kuungana upya. Molekuli ndogo za olefini hupenya na kutoka, ilhali zile kubwa hunaswa.

Hata hivyo, vijitundu hivyo huziba upesi kwa masalio ya kaboni. Kwa sababu hiyo unga huzungushwa bila kukoma hadi tangi la pili, ambako masalio huteketezwa kwa hewa.

Takriban tani tatu za methanoli huhitajika kupata tani moja ya olefini, kwani zaidi ya nusu ya uzito wake hugeuka maji. Aidha, kutumia makaa humwaga angani kaboni dioksidi nyingi kuliko kutumia mafuta, na huhitaji maji mengi katika maeneo makavu.

Kichocheo hakibagui asili ya methanoli. Inaweza pia kutokana na gesi asilia, mabaki ya mimea, au kaboni dioksidi iliyounganishwa na haidrojeni. Chanzo hicho ndicho kitakachoamua iwapo njia hii itapunguza uchafuzi au itauzidisha.