Vifaranga wa njano wa Kihesa

Wadau, wiki iliyopita nilikuwa Iringa, nikapita Kihesa kumsalimia mama mdogo. Kabla sijamaliza kusema kamwene, nikapokelewa na jogoo. Si mmoja. Banda zima lilikuwa linawika!

Mama mdogo alikopa kwenye VICOBA yao, akanunua vifaranga 100 kwa kijana aliyekuwa anawatembeza kwenye maboksi. Aliambiwa ni kuku wa mayai wa kahawia, bei chee. Wote walikuwa wa njano. Miezi mitano sasa, yai hata moja hakuna.

Msimcheke. Aliwapima kama bibi alivyomfundisha: ukimshtua kifaranga, akisimama wima ni dume, akichuchumaa ni jike. Bibi huyo huyo alisema yai lenye ncha hutoa jogoo. Aristotle, Mgiriki wa zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, aliandika kinyume chake, kwamba lenye ncha ni jike. Wote wanapatia karibu nusu, sawa na mtu anayerusha shilingi.

Kilichomponza mama mdogo ni rangi, na rangi hiyo ina historia. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza chakula kilikuwa haba Uingereza, na kulisha majogoo yasiyotaga ilikuwa hasara. Reginald Punnett, mtaalamu wa urithi wa viumbe pale Cambridge, akapendekeza wafugaji wachague wazazi kwa rangi. Jogoo mwekundu akipanda tetea wa rangi ya fedha, majike hutotolewa kahawia na madume njano. Sababu ni kwamba tetea huwarithisha rangi hiyo watoto wake wa kiume tu. Mabinti huichukua ya baba. Geuza wazazi, mchezo umeharibika. Mwaka 1929 Punnett na Michael Pease wakatoa Cambar, kuku ambao vifaranga wao hutofautiana jinsia kwa rangi kizazi hadi kizazi.

Wajapani walipita njia nyingine. Masui na Hashimoto walionyesha kwamba ukimminya kifaranga wa siku moja sehemu ya haja, utaona kinundu kidogo kinachomtambulisha dume. Mwaka 1927 habari hizo zilifika kwenye mkutano wa kuku wa dunia, Ottawa, Kanada. Bingwa wa kazi hiyo hukagua vifaranga hata 1,000 kwa saa. Mimi nilijaribu mmoja wa jirani, nikaambulia kinyesi mkononi.

Lakini kuku wengi wa mayai ya kahawia wanaouzwa leo wanafuata hesabu ya Punnett: kahawia anabaki kutaga, njano anatengwa siku ya kwanza. Ujerumani walikuwa wakiwaua hao madume mpaka sheria ikakataza kuanzia Januari 2022. Kwetu huuzwa rahisi wakafugwe kwa nyama, na hapo hapana ubaya, mradi mnunuzi aambiwe. Kwa kuku wa kienyeji msijaribu kabisa kipimo hiki. Damu zimechanganyika, rangi haisemi kitu.

Nilipomaliza kueleza, mama mdogo alinyamaza kidogo. "Kwa hiyo mwanangu, aliyewatenga siku ile alijua?"

Alijua, mama.

Marejesho ya kikundi ni kila Alhamisi. Anauza majogoo mmoja mmoja pale sokoni. Nimerudi Dar na wawili kwenye tenga, na nimewalipia.