Malengelenge yanayowasha na kurejea: nini huyasababisha?

Malengelenge yanayowasha, yakapona, kisha yakarejea, mara nyingi huashiria kwamba dalili imetulizwa ilhali chanzo kimebaki. Kwa wakazi wa Juba, maswali matatu husaidia kukitambua chanzo hicho: yanatokea wapi mwilini, yanatokea lini, na je, kuna mwingine nyumbani anayejikuna?

Upele

Upele huletwa na utitiri, mdudu mdogo mno anayejichimbia ndani ya ngozi. Mwasho huzidi usiku, hasa katikati ya vidole, kwenye viwiko vya mikono na kiunoni. Huambukizwa kwa kugusana ngozi kwa ngozi, hivyo husambaa upesi penye msongamano.

Ugonjwa huu hurejea iwapo ametibiwa mtu mmoja tu. Wote wanaoishi pamoja hutakiwa kutibiwa kwa wakati mmoja, hata wasiojikuna, na nguo na mashuka kufuliwa kwa maji ya moto. Mwasho waweza kuendelea kwa wiki kadhaa baada ya utitiri kufa.

Nzi wa Nairobi

Licha ya jina lake, huyu ni mbawakawa mwembamba mwenye rangi nyeusi na nyekundu. Huongezeka wakati wa mvua na huvutwa na mwanga wa taa. Hang'ati wala hachomi. Akipondwa juu ya ngozi ndipo hutoka sumu iitwayo pederini. Malengelenge hujitokeza siku moja au mbili baadaye, mara nyingi kwa umbo la mstari. Mdudu huyo apulizwe aondoke, kisha ngozi ioshwe kwa sabuni na maji.

Dawa, ukurutu na virusi

Lengelenge linalorudi pale pale na kuacha doa jeusi huenda linatokana na dawa ya kumeza, kama vile kotrimoksazoli, ijulikanayo kwa wengi kama Septrin. Ukurutu wa mikono na miguu huleta vilengelenge vidogo viganjani na nyayoni. Virusi vya herpesi navyo hurejea mahali pamoja, mara nyingi mdomoni au sehemu za siri. Mkanda wa jeshi hushika upande mmoja wa mwili na huandamana na maumivu makali.

Tahadhari kuhusu krimu

Krimu zenye steroidi hupunguza mwasho, lakini zikipakwa kwenye upele huweza kuuficha huku utitiri wakiendelea kuzaana. Kununua krimu dukani bila kupimwa kwaweza hivyo kurefusha ugonjwa.

Wakati wa kwenda hospitali

Sudan Kusini ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza wa mpox mwezi Februari 2025. Malengelenge yanayoandamana na homa na kuvimba kwa tezi yachunguzwe haraka, na mgonjwa aepuke kugusana na wengine. Vivyo hivyo kwa malengelenge yenye usaha, yaliyo karibu na jicho, yaliyoenea mwilini au yanayompata mtoto mchanga. Mgonjwa aende na dawa zote alizomeza na alizopaka.