Safu ya Lugha: Athi ni ipi?

Kileleshwa haikosi mjengo. Ukipita Barabara ya Othaya utawasikia mafundi wa mageti wakiitana juu ya mngurumo wa jenereta ya kuchomelea: “Shika athi!” Anachoshikishwa mwenzake ni kibanio cha waya wa pili, kile kinachobana chuma kinachochomelewa. Neno limekaa pasipo pake, na kosa hili lina hatari.

Athi tumeitoa kwa Kiingereza, na huko maana yake ni ardhi. Waya wa athi basi ni ule unaounganisha bodi ya mashine na udongo, kwa kawaida kupitia fimbo ya shaba iliyopigwa chini, ili umeme ukivuja usipitie mwilini mwa fundi. Kibanio kina kazi nyingine kabisa: kurudisha mkondo kwenye mashine. Kiiteni kibanio cha kurudisha. Hubana chuma kisicho na rangi wala kutu, karibu na mahali pa kuchomelea. Kikiwa mbali, mkondo hujitafutia njia kwenye minyororo na nondo. Fundi anayekiita athi huamini mashine imeshaunganishwa na ardhi, kumbe bodi haijaguswa na waya wowote.

Tena, kuchomelea si kulehemu. Lehemu, neno la asili ya Kiarabu, tuliachie kazi ya kuunga kwa risasi, kama ndani ya redio. Geti huchomelewa.

Wenye mijengo, someni kijitabu cha mashine kinasemaje kuhusu athi kabla injini haijawashwa.