Funza wa Miguuni na Safari Yake

Watu wengi hudhani ya kuwa funza aingiaye miguuni, ambaye watu wa pwani humwita tekenya, ni mdudu wa nchi hizi tangu asili, kama siafu na mchwa. Sivyo. Kwao ni Marekani ya Kusini na visiwa vya Karibi. Waspania waliofika huko baada ya Columbus walitaabika sana kwa ajili yake, na mwaka 1526 mtu mmoja katika hao, Gonzalo Fernández de Oviedo, aliandika khabari zake. Katika bara letu hakuenea mpaka ulipofika mwaka 1872, na kisa cha kuenea kwake chafaa kijulikane na kila mtu mwenye watoto, kwa sababu tutakazozieleza.

Wasomaji wa pwani wajua farumi ni nini. Wa bara tuwaeleze. Merikebu isiyo na shehena huelea juu mno, na upepo ukivuma sana hupinduka. Kwa hiyo mabaharia hutia mawe au mchanga chini kabisa, ili chombo kipate uzito. Basi mwezi wa Septemba 1872 merikebu ya Kiingereza, jina lake Thomas Mitchell, ilifika Ambriz katika pwani ya Angola ikitoka Rio de Janeiro katika nchi ya Brazil. Farumi yake ilikuwa mchanga. Wenye kuzichunguza khabari hizo husimulia ya kuwa mchanga ulimwagwa ufukoni, na ya kuwa mabaharia nao walikuwa na funza miguuni. Hakuna aliyeangalia. Ni nani atazamaye mchanga?

Mdudu huyu hana mbawa, na kuruka kwake ni kudogo. Akiachwa peke yake hafiki mbali. Lakini tabia yake ndiyo iliyompa safari. Jike, ambaye ukubwa wake hautimii milimita 1, hupenya katika ngozi, mara nyingi kando ya kucha au kisiginoni, akaacha nje ncha ya nyuma tu, apate kupumua na kutoa mayai. Humo hunywa damu na kuvimba hata akawa kama punje ya mbaazi. Kwa muda wa majuma mawili au matatu huangusha mayai, hata kupata 200, kisha hufa papo hapo ndani ya ngozi. Mayai huanguka chini, huanguliwa baada ya siku tatu au nne, na watoto hukua katika vumbi kavu.

Sasa tufikiri habari ya mpagazi wa zamani zile. Atembea pekupeku, na mzigo kichwani, maili 10 kwa siku. Akipata funza katika kambi moja, kwa majuma matatu atakuwa amekwenda maili 200, naye amepanda mayai katika kila kambi aliyolala, na kila kambi italaliwa na msafara mwingine. Mkulima hapandi mbegu vizuri kuliko hivyo! Funza akapanda mto Kongo pamoja na wapagazi, askari na wachuuzi, akashika njia za misafara, akafika kwenye maziwa makuu. Njia hizo zilikuwa zimekwisha kuunganishwa toka bahari hata bahari. Mwaka 1887 Stanley aliingia kwa mlango wa mto Kongo na watu zaidi ya 600 walioandikwa Unguja, na mwishoni mwa mwaka 1889 waliobaki wakatokea Bagamoyo. Kabla karne ile haijaisha funza alikuwa Unguja, na mwaka 1899 alionekana Bombay, amechukuliwa na vibarua wa Kihindi waliorudi kwao kutoka Afrika ya Mashariki. Toka Ambriz hata Bahari ya Hindi hakupata miaka 30.

Alifika katika saa mbaya. Tangu mwaka 1890 sotoka ilikuwa imeua ng'ombe pande nyingi, na njaa na ndui zilifuata. Oscar Baumann, msafiri wa Austria, alipita Uzinza, kusini ya ziwa la Victoria, mwaka 1892, akaona watu waliolemazwa na funza, hawawezi kwenda kuvuna mashamba yao, na vijiji vilivyokufa kwa taabu hiyo. Wasomaji wasidhani ni kutia chumvi. Mtu aliye na funza wachache huwatoa akasahau. Lakini kwa watu wasiopata kumwona mdudu huyu, wasiojua ni nini kilichomo mguuni, mguu hujaa, huoza, kucha hung'oka, vidole hukatika, na pepopunda huingia katika kidonda. Mlango ni mdogo kama tundu la sindano, na mauti hupita humo.

Jina lake ni ushahidi pia. Wazee walikuwa na neno funza tangu zamani, maana yake buu wa nyama au wa nafaka. Mgeni alipokuja walimpa jina la mwenyeji aliyefanana naye.

Twasimulia haya kwa kuwa lipo neno baya lisemwalo vijijini, hata miongoni mwetu tulio Wakristo. Husemwa ya kuwa funza ni laana ya ukoo, au ni alama ya uvivu. Sisi walimu twayaona matunda ya neno hilo. Mtoto akija shuleni achechemea, wenzake humcheka na kukataa kuketi naye. Siku chache hivi, haji tena. Mama yake naye huona haya kumpeleka zahanati. Je! laana gani hiyo iliyopakiwa merikebuni pamoja na mchanga wa Brazil? Na uvivu gani waliokuwa nao wapagazi? Funza huwaandama zaidi maskini kwa sababu sakafu yao ni ya udongo, maji yao ni ya mbali, na viatu hawana. Bwana wetu hakuuliza miguu ya wanafunzi wake ilichafuka kwa nini. Alijifunga kitambaa akaiosha.

Katika matibabu, desturi ni kumchokoa kwa mwiba au pini. Ubaya hauko katika kuchokoa tu, bali katika pini moja kupita mguu hata mguu, nyumba nzima, maana damu ya mmoja huingia kwa mwingine, na pamoja nayo yaweza kuingia Ukimwi au homa ya ini. Mdudu akipasuka ndani, kidonda huwaka. Wengine hupaka mafuta ya taa. Hayo huunguza ngozi ya mtoto, nasi hatuyasifu hata kidogo.

Siku hizi iko njia iliyo bora. Kumbukeni ile ncha ya nyuma apumuliayo. Waganga walitafuta mafuta mepesi yawezayo kuingia hapo na kumziba pumzi, wakayapata katika dawa iitwayo dimetikoni. Ilijaribiwa kwa watoto wa shule nchini Kenya, na matokeo yakachapishwa mwaka 2014: baada ya siku saba, funza 78 katika kila 100 waliopakwa walikuwa wamekufa, na wale waliooshwa kwa maji ya pamanganeti, dawa ya zamani, walikufa 39 tu katika 100. Hakuna pini wala damu, na mtoto halii. Mdudu aliyekufa hutoka mwenyewe ngozi inapobadilika. Wenye vidonda na wapelekwe zahanati, waulize na chanjo ya pepopunda.

Lakini mguu uliopona ukirudi katika vumbi lile lile, kazi ni bure. Sakafu ya saruji ni nzuri kwa mwenye uwezo. Asiye nao na anyunyize maji kabla ya kufagia, akandike udongo mara kwa mara pasiwe na nyufa, na watoto wasilale chini. Miguu ioshwe kwa sabuni na kutazamwa kila jioni, mtu na mwenzake, maana kisigino chako mwenyewe hukioni vema. Na mbwa na nguruwe watazamwe pia. Funza huingia katika miguu yao kama aingiavyo katika yetu, na nyumba nyingi zimetibu watoto wote zikamsahau mbwa alalaye mlangoni.