Kilomita Tano za Jumamosi Asubuhi

Mbio fupi za kirafiki ni mashindano ya wazi ya mwendo mfupi, mara nyingi kilomita 5, ambayo mtu yeyote anaweza kuingia bila kufuzu popote na bila kutazamia zawadi. Muda hupimwa na nafasi ya kila mtu huandikwa, lakini hakuna anayeondolewa njiani kwa kuchelewa. Hapo ndipo zinapoachana na riadha ya uwanjani. Zinaachana pia na mchakamchaka tuliolelewa nao shuleni, ambamo wote hufuata mwendo wa wimbo mmoja na hakuna anayeshika saa. Katika mbio za kirafiki kila mtu huenda kwa mguu wake, na mwisho wa safari saa humpa jibu lake yeye, si la jirani yake.

Umbali wenyewe una historia ya heshima. Mita 5,000 za wanaume ziliingia Michezo ya Olimpiki huko Stockholm mwaka 1912, na Hannes Kolehmainen wa Finland akashinda kwa dakika 14, sekunde 36 na nukta 6. Wanawake walisubiri hadi Atlanta mwaka 1996. Uzuri wa kilomita 5 ni kwamba bingwa huzimaliza kwa chini ya robo saa, na mtu mzima mwenye afya ambaye hajakimbia tangu amalize shule anaweza kuzitembea kwa saa moja hivi. Sijui umbali mwingine unaowaweka hao wawili kwenye mstari mmoja wa kuanzia na kuwarudisha nyumbani asubuhi ileile, mmoja akiwa ametoa jasho lake lote na mwingine akiwa bado ana nguvu za kwenda sokoni.

Mfano unaoeleweka zaidi ulizaliwa katika Bushy Park, bustani ya kifalme iliyoko Teddington, kusini-magharibi mwa London, jirani na kasri la Hampton Court. Ni eneo tambarare lenye nyasi, miti mikubwa na kulungu wanaotembea huru. Jina la Teddington si geni kwa wapenzi wa riadha wa Kenya. Katika miaka ya 1990, wakati wa msimu wa mbio za Ulaya, wanariadha wa Kenya waliosimamiwa na wakala Kim McDonald walikuwa wakipiga kambi mtaani hapo na kufanya mazoezi bustanini. Moses Kiptanui na Daniel Komen walikuwa miongoni mwao. Tarehe 1 Septemba 1996, huko Rieti nchini Italia, Komen alikimbia mita 3,000 kwa dakika 7, sekunde 20 na nukta 67. Rekodi hiyo ya dunia haikuguswa hadi Agosti 2024. Nyasi zilizokanyagwa na miguu hiyo ndizo zilizokuja kukanyagwa na wastaafu, akina mama wanaosukuma vigari vya watoto na vijana wanaokimbia kwa mara ya kwanza maishani.

Tarehe 2 Oktoba 2004 wakimbiaji 13 walikutana hapo kwa mwito wa Paul Sinton-Hewitt. Alikuwa ameumia mguu akiwa katika maandalizi ya marathoni, na hakutaka kupotezana na wenzake wa mbioni. Kwa kuwa hakuweza kukimbia, aliamua kuwashikia saa. Yeye alikulia Afrika Kusini, na wazo alilitoa huko, kwenye desturi ya vilabu kukimbia umbali uleule kila wiki ili kila mtu ajipime. Mbio zake hazikuwa na kiingilio, na baada ya kumaliza watu waliketi kunywa kahawa. Ndizo zilizokua zikaitwa parkrun, ambazo leo hufanyika kila Jumamosi katika nchi nyingi, huku Bushy Park peke yake ikipokea zaidi ya watu 1,000 kwa asubuhi moja.

Siri ya kuhesabu umati wa namna hiyo iko mwishoni mwa njia, na inastahili kuangaliwa kwa karibu. Siku za mwanzo Sinton-Hewitt alinunua washa za chuma kwenye duka la vifaa vya ujenzi, vile viringi bapa vyenye tundu ambavyo fundi huviweka chini ya nati, akazigonga namba moja moja. Mkimbiaji alipovuka mstari alipewa washa yenye namba ya nafasi yake, kisha akaenda kutaja jina lake mezani, ambako liliandikwa kwenye karatasi mbele ya namba hiyo. Mwenye saa alibonyeza kila mtu alipopita. Ukioanisha orodha mbili, ile ya nafasi na muda na ile ya nafasi na majina, matokeo yamekamilika.

Utaratibu huo haujabadilika, vimebadilika vifaa tu. Badala ya washa, mkimbiaji hupewa kibao kidogo cha plastiki, na badala ya kutaja jina huonyesha msimbopau wake, ile mistari myeusi kama ya bidhaa za dukani, unaosomwa kwa simu. Anaupata mtandaoni mara moja tu na kuutumia maisha yake yote, popote mbio hizo zinapofanyika. Baada ya mstari wa mwisho huwekwa njia nyembamba ya kamba ambamo watu hupanga foleni bila kupitana, kwa maana wawili wakibadilishana nafasi hapo, matokeo ya wote walio nyuma yao yanaharibika. Anayegawa vibao hatakiwi kuangusha hata kimoja. Ukimtazama kazini, mkono wa kushoto umeshika rundo, wa kulia unatoa, macho hayabanduki kwenye foleni na salamu anazijibu bila kugeuka. Huyu huenda ni mwalimu au dereva wa basi aliyeacha kukimbia wiki hii ili wenzake wakimbie.

Hilo ndilo ninalotaka msomaji alishike kuhusu mbio hizi. Urafiki wake hautokani na tabasamu za watu, umepangwa kama kazi. Kila Jumamosi lazima wapatikane mwenye saa, mgawa vibao, wasoma misimbo, waelekezaji wa kwenye kona na mtoa maelezo kwa wageni, wote wa kujitolea. Yupo pia mfunga msafara, ambaye kazi yake ni kuwa wa mwisho. Anatembea nyuma ya mtu aliye nyuma kabisa, anazungumza naye akitaka mazungumzo, ananyamaza akitaka kimya, na hahesabiwi wa mwisho mwingine isipokuwa yeye. Kwa mtu mnene, mgonjwa anayepona au mzee anayehofia kuchekwa, cheo hicho kimoja kimefanya kazi kubwa kuliko matangazo yote ya afya. Wanaojitolea mara nyingi hustahili fulana maalumu sawa na wanaokimbia mara nyingi, na ni haki yao.

Watoto wanaruhusiwa kuanzia miaka 4, ila aliye chini ya miaka 11 lazima akimbie karibu na mtu mzima wake, umbali wa kunyoosha mkono. Jumapili huwa na mbio zao za kilomita 2, za kuanzia miaka 4 hadi 14. Katika mbio nyingi za Jumamosi mbwa anaweza kuja, mmoja kwa kila mtu, kwa kamba fupi.

Msimu wa joto wa Uingereza, kuanzia Juni hadi Agosti, ndio wakati mbio fupi za kirafiki za kila aina hunoga. Mwezi Juni jua la London huzama baada ya saa 3 usiku, kwa hiyo mtu anaweza kutoka kazini, akala kidogo, akaenda kukimbia jioni na kurudi nyumbani kungali mwanga. Ndiyo maana vilabu vya riadha huandaa mfululizo wa mbio za kilomita 5 za jioni katikati ya wiki, kwa ada ndogo, ambako vijana wenye mbio hukutana na wafanyakazi wa ofisini. Katika Hyde Park, klabu ya Serpentine imezoea kuendesha kilomita 5 za mchana katika Ijumaa ya mwisho ya mwezi, wakati wa mapumziko ya chakula. Zipo na za hisani. Race for Life ya kuchangia utafiti wa saratani ilianza mwaka 1994 katika Battersea Park ikiwa na wanawake 680. Za makampuni nazo zina umri: mwaka 1977, ndani ya Central Park ya New York, watu 200 kutoka kampuni 50 walikimbia maili 3 na nusu, yaani kilomita 5.6, na mashindano hayo ya JPMorgan sasa hufanyika katika miji mingi.

Lakini joto lina masharti yake. Mwili ukipata moto, damu nyingi hupelekwa kwenye ngozi ili kuupoza, na ile inayobaki kwa ajili ya misuli hupungua, hivyo moyo hulazimika kupiga haraka zaidi kwa mwendo uleule. Anayekimbia kilomita 5 kwa nusu saa siku ya baridi asishangae kuongeza dakika moja au mbili siku ya joto kali, na asijilazimishe kuzirudisha. Maji yanywewe kabla, kidogo kidogo tangu kuamka, kwani kwa mbio za nusu saa mtu mwenye afya hahitaji kunywa njiani. Katika Bushy Park kuna sharti moja zaidi la msimu huo: kulungu huzaa kati ya Mei na Julai, na mama mwenye mtoto nyasini hapendi kukaribiwa.

Kwa anayeanza, njia iliyosaidia wengi ni ile aliyoitunga Mmarekani Josh Clark mwaka 1996 akimfikiria mama yake. Ni ya wiki 9, siku 3 kwa wiki. Wiki ya kwanza unatembea kwa dakika 5, kisha unakimbia sekunde 60 na kutembea sekunde 90, ukirudiarudia kwa dakika 20. Vipande vya kukimbia hurefuka taratibu hadi mtu anakimbia nusu saa bila kusimama. Sekunde 60 zinaweza kuonekana za kitoto, lakini mifupa na kano huchukua muda mrefu kuzoea kuliko mapafu, na wanaoruka hatua huishia kuumwa miundi ya miguu.

Siku ya mbio kosa la wengi ni moja. Wakisikia ishara wanaondoka na kundi la mbele, kilomita ya kwanza wanaruka kama swala, ya pili kichomi kinawabana ubavuni, ya tatu wanatembea huku wamejishika kiuno. Simama katikati au nyuma. Kama kilomita ya kwanza huwezi kutamka sentensi fupi, punguza. Nguvu iliyobaki itumie kwenye kilomita ya mwisho, ndiko mbio zinakonoga.

Mbio hizi hazikukosa migogoro. Mwaka 2016 halmashauri ya Stoke Gifford, karibu na Bristol, iliamua parkrun ya Little Stoke ilipie matumizi ya bustani. Waandaaji walikataa, kwa kuwa bure ndiyo nguzo yao, na mbio za hapo zikafungwa. Naona walikuwa sahihi, maana ada ingeanza kwa senti na kuishia kuwazuia walewale wanaozihitaji. Mwezi Februari 2024 waandaaji waliondoa rekodi za kasi kwenye tovuti yao ili wageni wasitishike, na wakimbiaji wengi wakalalamika. Hapo siwaungi mkono waandaaji. Tarehe 11 Agosti 2012, mwanariadha wa Olimpiki Andrew Baddeley alizimaliza kilomita 5 za Bushy Park kwa dakika 13 na sekunde 48, katikati ya raia wa kawaida, na waliopitwa asubuhi ile hawakuvunjika moyo kwa kukimbia njia moja na bingwa.

Wazo lililotoka Afrika Kusini lilirudi kwao mwezi Novemba 2011, pale Bruce Fordyce, mshindi mara 9 wa mbio ndefu za Comrades, alipoanzisha parkrun katika Delta Park, Johannesburg. Kwetu Afrika Mashariki, kilomita 5 huonekana zaidi kama mkia wa marathoni kubwa, kama ile ya Kilimanjaro pale Moshi, mara moja kwa mwaka na kwa kiingilio. Lakini Dar es Salaam tunazo klabu za jogging, zinazotoka alfajiri za mwisho wa wiki kwa fulana za rangi moja na nyimbo. Watu wapo, nidhamu ipo, ari ipo. Kinachokosekana ni saa na daftari.

Uwanja wa mpira wa mita 105 kwa 68 una mzunguko wa mita 346, na mizunguko kumi na minne na nusu inapita kidogo kilomita 5. Tafuta washa 50 kwa muuza vifaa vya ujenzi, zigonge namba, mpe mmoja saa, mwingine daftari, na mtu mwenye subira mweke nyuma awe mfunga msafara. Jumamosi hii anzeni, hata mkiwa 13.