Meli haikusubiri! Mambo ya kupanga mapema kabla ya kupanda meli ya kitalii Ulaya

Kwa watu wengi, safari ya meli ya kitalii Ulaya ni fungate, zawadi ya kustaafu au ndoto iliyowekewa akiba miaka kadhaa. Unalala kwenye kabini yako, ukiamka uko mji mwingine. Jumatatu Barcelona, Jumatano Roma, Ijumaa Athens.

Kwenye picha mambo ni mepesi. Ila safari hizi zina kanuni zake, na wanaozijua wakiwa tayari gatini huwa wamechelewa. Kuna anayezuiwa kupanda siku ya kuondoka kwa sababu ya herufi chache kwenye viza. Kuna anayebaki bandarini akiitazama meli inaondoka na mabegi yake. Mara nyingi hela hairudi.

Haya ndiyo ya kupanga kabla hujalipa.

1. Viza: angalia neno "MULT"

Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au DRC anahitaji viza ya Schengen kuingia nchi kama Uhispania, Ufaransa, Italia na Ugiriki. Croatia nayo iko Schengen tangu 1 Januari 2023, hivyo Dubrovnik imo kwenye viza hiyo hiyo.

Mtego uko kwenye nchi ambazo hazimo. Meli nyingi za Mediterania hupita Kotor (Montenegro) au Kuşadası (Uturuki), kisha zinarudi Ugiriki au Italia. Meli ikifika huko, umeshatoka Schengen. Ikirudi, unaingia mara ya pili.

Kwenye stika ya viza kuna sehemu ya idadi ya kuingia. Ikiandikwa "01", ukishatoka basi, viza imeisha kazi hata kama tarehe bado zipo. Safari ya namna hii inataka "02" au "MULT", kutegemea meli inatoka na kurudi mara ngapi. Kampuni za meli hukagua hili kabla ya kukuruhusu kupanda, na mwenye viza isiyotosha anaachwa hapo hapo.

Kwa hiyo, unapoomba viza ambatanisha ratiba yote ya meli, bandari kwa bandari, na uombe kuingia zaidi ya mara moja. Uingereza na Ireland ziko nje ya Schengen pia, na kila moja ina utaratibu wake. Meli inayoanzia Southampton na kupita Le Havre inamtaka msafiri awe na viza ya Uingereza na ya Schengen.

Mengine ya kukumbuka:

- Ada ya viza ya Schengen ni euro 90 kwa mtu mzima na euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 mpaka 11. Ukinyimwa viza, hairudishwi.
- Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na yasipungue siku 15 kabla. Usisubiri hizo siku 15.
- Unaomba kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Zikilingana, ni ile utakayoingilia kwanza.
- Pasipoti iwe hai angalau miezi 3 baada ya siku ya kutoka Schengen. Kampuni nyingi za meli zinataka miezi 6.
- Bima ya safari ifikie angalau euro 30,000 kwa matibabu na kurudishwa nyumbani.

Kuhusu bima, usichukue ya bei chee ilimradi upate viza. Matibabu ya daktari wa melini hulipiwa, na bili yake si mchezo. Uliza kama bima inagusa matibabu ya baharini, kutolewa melini kwa dharura, na gharama za kuifuata meli ikikuacha.

Kuanzia 12 Oktoba 2025, nchi za Schengen zilianza kuandikisha wageni kielektroniki mipakani, kwa picha ya uso na alama za vidole, badala ya kugonga mihuri. Siku unazokaa zinahesabika zenyewe kwenye mfumo: zisizidi 90 ndani ya siku 180.

2. Jina la mji si mahali meli inapofunga gati

Hapa ndipo wengi hushangaa. Brosha inasema "Roma", lakini Roma haina bandari ya meli hizo. Meli inafunga Civitavecchia, zaidi ya kilomita 70 kutoka mjini.

Hali ilivyo kwenye bandari maarufu:

- "Roma" (Civitavecchia): treni, kama saa moja au zaidi kidogo mpaka katikati ya mji.
- "Florence" (Livorno): Florence iko karibu kilomita 90. Pisa iko karibu zaidi, kama kilomita 20.
- "Paris" (Le Havre): karibu kilomita 200. Zaidi ya saa mbili kwenda tu.
- "Berlin" (Warnemünde): zaidi ya kilomita 200. Siku nzima inaishia njiani.
- "London" (Southampton): takriban kilomita 130.
- "Venice": tangu 1 Agosti 2021, meli kubwa zimepigwa marufuku kupita katikati ya mji huo wa kihistoria. Nyingi zinafunga Marghera, au mbali kabisa, Ravenna na Trieste, zaidi ya kilomita 100 kutoka Venice.
- Athens (Piraeus): nafuu. Metro inakufikisha katikati ya mji ndani ya nusu saa hivi, ukishafika stesheni.
- Barcelona: bandari iko mjini. Kuna basi kutoka kwenye magati mpaka karibu na sanamu ya Columbus.
- Dubrovnik (Gruž): kama kilomita 3 mpaka Mji Mkongwe, basi za mjini zipo.
- Kotor: gati liko karibu kabisa na lango la Mji Mkongwe. Unashuka, unatembea.

Kwenye Kotor na Barcelona huhitaji kumlipa mtu akuongoze kutoka bandarini. Kwenye Le Havre na Warnemünde, fikiria mara mbili kabla ya kukimbilia mji mkuu. Warnemünde yenyewe ina ufukwe, na Rostock iko jirani.

3. Piga hesabu ya siku, usikisie

Chukua mfano wa Civitavecchia. Meli inafika saa 1:00 asubuhi na kuondoka saa 1:00 usiku. Mtu anaona ana saa 12 za kuzurura Roma. Hana.

Kushuka melini kwenye foleni: saa 2:00 asubuhi. Basi la bandari mpaka getini, kisha kwenda stesheni: saa 2:45. Treni ya saa 3:00 inamfikisha stesheni ya Roma San Pietro, jirani na Vatican, karibu saa 4:00.

Kurudi sasa. Mwisho wa kupanda meli huwa nusu saa mpaka saa moja kabla ya kuondoka. Tuseme ni saa 12:30 jioni. Msafiri makini anataka awe amefika Civitavecchia saa 11:00, ili treni moja ikikosekana ipo nyingine. Maana yake anaondoka Roma saa 9:45 alasiri.

Saa 12 zimekuwa chini ya saa 6, na chakula cha mchana kimo humo humo. Vatican na Colosseum kwa siku moja? Inawezekana, lakini utavipita mbio. Chagua kimoja ukifaidi.

Angalia pia kama siku hiyo kuna mgomo wa treni. Italia migomo si habari ngeni, na hutangazwa mapema. Tiketi ya karatasi ya treni za mkoa igongwe kwenye mashine ya stesheni kabla ya kupanda, la sivyo ni faini.

4. Saa ya nani?

Ratiba ya meli huandikwa kwa saa 24. "18:30" ni saa 12:30 jioni, si saa 6:30. Kwa aliyezoea kuhesabu saa za Kiswahili, kosa hili ni rahisi kulifanya akiwa amechoka. Andika muda kwa namna zote mbili kwenye simu.

Pili, majira. Wakati wa kiangazi cha Ulaya, saa za Ugiriki ni sawa na za Dar es Salaam na Nairobi. Italia, Ufaransa na Uhispania ziko nyuma kwa saa moja, Uingereza kwa saa mbili. Meli ikivuka kutoka Italia kwenda Ugiriki, saa inasogea mbele.

Shida ni kwamba simu hujibadilisha yenyewe, ilhali meli wakati mwingine hubaki na saa yake. Kabla ya kushuka, tazama saa iliyobandikwa mlangoni. Hiyo ndiyo itakayoamua.

5. Ziara ya meli au ujitegemee?

Ziara zinazouzwa na meli ni ghali, mara nyingi kuliko kwenda mwenyewe. Lakini zina faida moja kubwa: basi lao likichelewa, meli itasubiri au kampuni itagharamia kukufikisha bandari inayofuata. Ukienda kivyako, meli haikusubiri. Kila bandari hutoza kulingana na muda, na nahodha hawezi kushikilia maelfu ya abiria kwa ajili ya mmoja.

Kanuni rahisi: mbali na bandari (Florence, Paris), nunua ziara ya meli au ondoka na muda wa akiba mkubwa. Karibu na bandari (Barcelona, Kotor, Dubrovnik), jitegemee na uokoe hela.

Ukiachwa, usipanike. Kila bandari meli huwa na wakala wake, na jina na namba yake huwa kwenye ratiba ya siku. Piga picha ratiba hiyo kila asubuhi. Uwe pia na kadi ya benki, nakala ya pasipoti na ya viza, na dawa za siku moja mbili kwenye begi la mgongoni.

6. Tiketi na siku za kufungwa

Colosseum, Makumbusho ya Vatican, Acropolis na Sagrada Família zinataka tiketi yenye muda maalum. Usitegemee kuipata mlangoni msimu wa watalii.

Angalia na siku. Uffizi ya Florence hufungwa Jumatatu, Louvre hufungwa Jumanne, na Makumbusho ya Vatican hufungwa Jumapili, isipokuwa Jumapili ya mwisho ya mwezi. Mavazi pia: kwenye Basilika ya Mtakatifu Petro mabega na magoti yafunikwe, mwanamke kwa mwanamume. Khanga au kikoi begini kinamaliza kazi.

Santorini ina lake. Meli hutia nanga baharini na abiria hushushwa kwa boti ndogo. Kutoka chini mpaka mji wa Fira ni kigari cha kamba, nyumbu, au ngazi zaidi ya 500. Foleni ya kigari cha kurudi huwa ndefu jioni, kwa hiyo rudi mapema. Kwa mzee au mwenye matatizo ya magoti, uliza mapema. Bahari ikichafuka, boti haziendi na kituo hicho kinarukwa.

7. Hela zinazojificha

Bei ya tangazo si bei ya mwisho. Jumlisha:

- Tozo ya huduma: kampuni nyingi hukata kila siku kwa kila mtu, watoto nao wamo.
- Vinywaji na intaneti: soda, pombe na bando mara nyingi vina bei yake.
- Tozo za visiwa: tangu Julai 2025, Ugiriki inatoza euro 20 kwa abiria anayeshuka Santorini au Mykonos kuanzia Juni mpaka Septemba. Bandari nyingine za Ugiriki ni chini ya hapo.
- Simu: meli ikiwa baharini, laini inaweza kudaka mtandao wa setilaiti wa meli, na salio likaisha kwa dakika chache. Weka simu kwenye hali ya ndege meli inapoondoka.

8. Ndege isikukate

Usitue siku ile ile ya kupanda meli. Ndege ikichelewa Addis Ababa, Doha au Istanbul, meli itaondoka bila wewe. Fika siku moja kabla, hata kama ni gharama ya usiku mmoja hotelini.

Siku ya kurudi, meli hufunga gati alfajiri lakini kushuka na mabegi huchukua muda. Tafuta ndege ya alasiri au jioni.

Kabla hujalipa, jibu maswali haya

1. Meli inatoka Schengen mara ngapi, na viza yangu inaruhusu?
2. Kila bandari iko umbali gani kutoka mji ninaoutaka?
3. Nikiondoa muda wa njiani, nabaki na saa ngapi?
4. Bima yangu inalipa nikiugua baharini au nikiachwa?
5. Tozo, vinywaji na ziara vikijumlishwa, bei inafika ngapi?

Ukikosa jibu hata moja, muulize wakala kwa maandishi kabla ya kutuma hela, ikiwemo chakula cha halali kama unakihitaji. Ahadi ya mdomo haina msaada ukishafika gatini.