Mawe ya Paris

Mwaka wa kwanza chuoni tulikuwa mamia kwenye ukumbi mmoja. Mhadhiri anasoma noti, sisi tunanakili. Nilidhani hayo ni mambo ya huku kwetu tu, ati pesa hakuna na watu ni wengi.

Kumbe ni ya kale. Desemba 1355, walimu wa kitivo cha sanaa, Chuo Kikuu cha Paris, walikatazwa kusoma polepole ili wanafunzi waandike kila neno. Wasome kwa kasi, kana kwamba hakuna anayeandika. Sheria hiyohiyo ikatangulia kuweka adhabu kwa watakaopinga kwa kelele, mbinja au kurusha mawe. Yaani watu wapigane mawe juu ya noti!

Lakini nawaelewa. Noti angalau unatoka nazo mlangoni. Na hiyo kasi haikubadilisha kitu kikubwa: polepole au mbio, anayeongea bado ni mtu mmoja.

Mwaka 1991, Eric Mazur, mwalimu wa fizikia pale Harvard, alianza kujaribu njia nyingine. Anauliza swali, kila mtu anachagua jibu lake kimya, halafu anamgeukia jirani wabishane, kisha wanachagua tena. Hapo hata kuinua mikono kunatosha. Usiniambie ni mambo ya pesa.

Mimi niliacha chuo. Kuna jamaa tuliyekaa naye benchi moja muhula mzima. Mpaka leo sijui sauti yake ikoje.